Mali bila Daftari: Wosia wa Mchungaji Harvard na Chuo Kilichobeba Jina Lake

Popote penye shule, zahanati au ukumbi uliojengwa kwa michango, kuna jambo linaloonekana mara kwa mara: jina la mtu mmoja huandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango, na majina ya waliotoa siku zao za kazi, debe la mahindi au noti iliyokunjwa hubaki katika daftari ambalo, baada ya miaka michache, hakuna ajuaye liliko. Desturi hiyo ni kongwe, na mfano wake mashuhuri kuliko yote uko katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, ambako watalii hupanga foleni mbele ya sanamu ya shaba ya kijana aliyeketi na kitabu pajani, ili waishike ncha ya kiatu chake cha kushoto kwa kutafuta bahati, hata mahali hapo pamesuguliwa pakabaki panang'aa huku mwili uliosalia wa sanamu umefifia. Maandishi yaliyo chini yake ni machache: John Harvard, mwanzilishi, 1638.

Wanafunzi wa chuo hicho wenyewe huiita sanamu ya uongo mitatu, na hawakosei. Sura ile si ya Harvard, kwa kuwa hakuna picha yake yoyote iliyosalia, na mchongaji Daniel Chester French, alipoifanya kazi hiyo mwaka 1884, alimketisha mwanafunzi mmoja wa siku hizo awe kielelezo. Mwaka nao sio, kwa kuwa chuo kiliidhinishwa 1636. Na mwanzilishi siye, kwa kuwa chuo kilianzishwa kwa kura ya Baraza Kuu la koloni la Ghuba ya Massachusetts, yaani chombo kilichotunga sheria na kusikiliza kesi za walowezi wa Kiingereza, wakati Harvard mwenyewe angali Uingereza. Makala haya yanashikilia kwamba kosa kubwa la maandishi yale haliko katika tarehe wala katika sura. Liko katika kuwaaminisha watu kuwa taasisi hujengwa na wosia wa tajiri mmoja, hali historia ya chuo hichohicho inaonyesha kwamba wosia ule ulikaribia kupotea bure, na kwamba kilichokiokoa chuo ni watu walioshika hesabu vizuri pamoja na vibaba vya ngano vya kaya za kawaida.

Urithi uliotokana na tauni

John Harvard alibatizwa mwezi Novemba 1607 huko Southwark, ng'ambo ya kusini ya mto Thames jijini London, mtaa wa nyumba za wageni, mabucha na majumba ya tamthilia. Baba yake, Robert, alikuwa muuza nyama, na mama yake, Katherine Rogers, alitoka Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare. Mwaka 1625 tauni iliingia London, na katika muda mfupi ikamwondoa baba pamoja na watoto kadhaa wa nyumba ile, wakasalia mama, John na ndugu yake Thomas. Mama akaolewa tena, mume akafa. Akaolewa mara ya tatu, na mume huyo naye akatangulia. Na kwa kuwa kila msiba uliacha kitu, mama alipofariki mwaka 1635 alikuwa na mali ya kutosha kumrithisha mwanawe, ikiwamo nyumba ya wageni iliyojulikana kwa jina la Queen's Head. Thomas alikufa 1637. Kijana mmoja akabaki na jasho la ukoo mzima mikononi, na hakuwa na mtoto.

Jambo hilo hupitwa haraka na wasimulizi wanaopenda kumwona Harvard kama mfadhili aliyejaliwa moyo mkubwa tu. Moyo alikuwa nao, hakuna anayebisha, lakini fedha alizozitoa zilichumwa buchani na katika nyumba ya kulala wageni, zikamfikia kwa njia ya makaburi, na hakukuwa na ndugu wa damu wa kuzigombea. Anayesoma wosia wa mtu yeyote bila kuuliza mali ilitoka wapi na nani walikuwa na haki juu yake husoma nusu ya hati.

Elimu yake aliipata Emmanuel College, katika Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1632 na ya uzamili mwaka 1635. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1584 na Sir Walter Mildmay, na kilikuwa ngome ya Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe kutokana na mabaki ya taratibu za Kikatoliki, na waliosisitiza kwamba muumini lazima aisome Biblia mwenyewe na mchungaji lazima awe msomi wa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Wahitimu wengi wa Emmanuel walivuka bahari ya Atlantiki katika miaka ya 1630, na hofu yao kubwa, mbali na njaa na baridi, ilikuwa kwamba wachungaji waliosomea Uingereza wangezeeka na kufa bila ya kuwa na warithi waliosoma. Hofu hiyo ndiyo iliyolifanya Baraza Kuu, Oktoba 1636, litenge pauni 400 kwa ajili ya shule au chuo, miaka michache tu tangu koloni lipate makazi, na mwaka uliofuata likaamua kijengwe katika kijiji cha Newtowne, ambacho mwaka 1638 kilibadilishwa jina kikaitwa Cambridge.

Harvard alimwoa Ann Sadler mwaka 1636, na mwaka 1637 wakasafiri hadi Charlestown, mji uliotazamana na Boston, ambako alipewa kazi ya kumsaidia mchungaji wa kanisa la mji. Tarehe 14 Septemba 1638, akiwa na umri wa miaka 30 na baada ya kuishi katika nchi ile mwaka mmoja na kidogo, alikufa kwa kifua kikuu.

Nusu ya mali, vitabu vyote

Wosia wa Harvard ulikuwa wa mdomo, aliousema akiwa mgonjwa kitandani mbele ya waliokuwapo. Aliamuru nusu ya mali yake pamoja na maktaba yake yote viende kwa chuo kile kipya, ambacho wakati huo kilikuwa na nyumba moja, kipande cha ardhi na mwalimu mmoja. Kumbukumbu za chuo ziliikadiria nusu hiyo kuwa karibu pauni 780, yaani karibu mara mbili ya fedha zilizotengwa na Baraza Kuu, na vitabu vilikuwa takribani 400. Msomaji anayeijua sheria ya Kiislamu ya mirathi, ambayo humzuia mtu kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake bila ridhaa ya warithi, ataona mara moja ukubwa wa kiwango hicho, na huenda akauliza swali ambalo waandishi wengi wa Marekani hawaliulizi: mjane aliachwaje? Ann hakuachwa mikono mitupu, kwa kuwa ilibaki nusu nyingine, na baadaye aliolewa na Thomas Allen, mchungaji katika kanisa lilelile, ambaye ndiye aliyeshughulikia ulipaji wa sehemu ya chuo. Ni jambo la kushukuru kwamba wosia wa mdomo, ambao katika koo nyingi huwa chanzo cha ugomvi kabla matanga hayajaanuliwa, ulitekelezwa na mtu aliyekuwa na kila nafasi ya kuukanusha.

Tarehe 13 Machi 1639 Baraza Kuu liliamua kwamba chuo kiitwe Harvard College. Chanda chema huvikwa pete, na hakuna ubaya wa kumshukuru marehemu. Lakini ni vyema pia kuona kwamba, kwa upande wa Baraza, shukrani hiyo haikugharimu chochote, na ilikuwa tangazo zuri kwa matajiri wengine wa Uingereza. Chuo jirani cha Connecticut kilijifunza somo hilo na kulifanyia kazi bila haya: mwaka 1718 kilipokea kutoka kwa Elihu Yale, aliyekuwa gavana wa Kampuni ya Mashariki ya India huko Madras, marobota tisa ya bidhaa, vitabu 417 na picha ya Mfalme George wa Kwanza, bidhaa zikauzwa kwa pauni zaidi ya 560, na jina la Yale likawekwa mlangoni. Kwa jina linalotamkwa leo duniani kote, hiyo ni bei ya kutupa.

Vitabu vya Harvard vilikuwa na thamani ambayo pauni zisingeweza kuifikia katika nchi isiyokuwa na duka la vitabu. Sehemu kubwa ilikuwa ya teolojia, fafanuzi za Biblia na mahubiri, lakini ndani yake walikuwamo pia Homer, Plutarch na waandishi wengine wa kale, kwa kuwa mchungaji wa Kipuritani alitakiwa kuwajua wapagani wake. Maktaba hiyo ilikua kwa zaidi ya miaka 120. Kisha, Januari 1764, Baraza Kuu lilipohamia kwa muda katika jengo la Harvard Hall kwa sababu ya ndui iliyokuwa Boston, moto uliwashwa ili kuwapasha joto waheshimiwa, na usiku wa tarehe 24, katikati ya dhoruba ya theluji, jengo likaungua pamoja na vitabu vipatavyo 5,000. Katika vitabu 400 vya marehemu kilisalia kimoja kinachojulikana kwa hakika, nacho ni kitabu cha John Downame kuhusu vita vya Mkristo dhidi ya shetani, toleo la 1634, na kilisalia kwa sababu kilikuwa kimeazimwa na hakikuwa kimerudishwa. Wakutubi wasiopenda kuazimisha vitabu vyao walitafakari jambo hilo.

Mwaka wa fimbo na uji usioiva

Swali linalofuata ndilo lenye uzito kwa kila kamati ya shule: fedha za Harvard zilipofika, zilimkuta nani? Zilimkuta Nathaniel Eaton, mwalimu wa kwanza wa chuo, msomi mwenye sifa nzuri za vitabuni, ambaye alikabidhiwa yote kwa pamoja, kufundisha, kulisha wanafunzi, kusimamia ujenzi na kupokea michango, na juu yake hakukuwa na mtu wa kumkagua kwa ukaribu. Kulikuwapo bodi ya waangalizi kumi na wawili, mahakimu sita na wachungaji sita, iliyoteuliwa mwaka 1637, lakini wajumbe wake walikuwa na makanisa na mabaraza yao, na Eaton alikuwa na funguo.

Yaliyotokea yamesimuliwa katika shajara ya gavana John Winthrop. Mwaka 1639, hata mwaka haujapita tangu kifo cha Harvard, Eaton aligombana na msaidizi wake, Nathaniel Briscoe, aliyekuwa na siku chache tu kazini, akawaamuru watumishi wawili wamshike, kisha akampiga kwa rungu la mti wa jozi lenye urefu wa yadi moja, kubwa la kutosha kumuua farasi, kipigo kilichodumu kwa karibu saa mbili hadi majirani walipoitika mayowe. Kesi ilipofunguliwa, wanafunzi nao wakatoa ya kwao, kwamba walichapwa viboko ishirini hadi thelathini kwa mkupuo na kwamba chakula walichokilipia hakikulika. Mke wa Eaton alikiri mbele ya mahakama, katika maelezo ambayo hadi leo yanasomeka kwa uchungu na kwa kichekesho: kwamba uji wa asubuhi ulikuwa wa unga usiochekechwa vizuri na haukukorogwa hadi kuiva, kwamba nyama ya ng'ombe iliyokuwa haki yao hakumbuki kama waliwahi kupewa, kwamba samaki wabovu waliletwa mezani, na kwamba bia, ambayo kwa Waingereza wa karne ile ilikuwa kinywaji cha kawaida cha chakula, ilikosekana hata kwa wiki nzima. Eaton alifukuzwa kazi, akatorokea Virginia na kuacha madeni, na chuo kikafungwa kwa karibu mwaka mzima.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali inashika kama ilivyo. Chuo kilikuwa na jina la mfadhili, kilikuwa na wosia wake na maktaba yake, na kilikuwa na ruzuku ya serikali ya koloni. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza wiki baada ya wiki kwamba nyama iliyonunuliwa imeliwa na nani. Je, ni mabweni mangapi, katika nchi ngapi, ambako mzazi analipa ada ya chakula cha wiki nzima na mtoto anarudi likizo akiwa amekonda, huku ukuta wa bwalo ukiwa na kibao kizuri cha mfadhili?

Kibaba cha ngano na ushuru wa kivuko

Aliyekifufua chuo ni Henry Dunster, kijana wa miaka thelathini hivi aliyewasili kutoka Uingereza mwaka 1640 na kufanywa rais wa chuo, yaani mkuu wake, majuma machache baada ya kushuka melini. Dunster alifundisha karibu kila somo, akakamilisha jengo la mbao lililoachwa nusu, na Septemba 1642 akawatunuku shahada wahitimu tisa wa kwanza. Alimwoa pia mjane wa mchungaji Glover, ambaye mumewe alifariki melini mwaka 1638 alipokuwa akileta Massachusetts mashine ya kupigia chapa, ya kwanza katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini, na kwa njia hiyo mashine ikaja kukaa chuoni. Inafaa kuwaweka wachungaji hao wawili kwenye mizani moja: wote walikufa mwaka mmoja, wote waliacha kitu kilichokifaa chuo kwa miaka mingi, na mmoja tu ndiye mwenye sanamu.

Hata hivyo Dunster hakuwa na fedha. Hapo ndipo inapoingia sehemu ya historia hii ambayo kaya za Afrika Mashariki, zilizojenga shule za harambee katika Kenya ya miaka ya 1960 na 1970 kwa mbuzi, mayai na magunia ya mahindi, zitaitambua bila kuelezwa. Mwaka 1644 mchungaji Thomas Shepard wa Cambridge aliwaomba wajumbe wa makoloni manne yaliyoungana, Massachusetts, Plymouth, Connecticut na New Haven, waihimize kila familia yenye uwezo na nia itoe robo ya busheli ya ngano, ambayo ni kama kilo saba, au shilingi moja taslimu, kwa ajili ya wanafunzi maskini. Wajumbe walikubali, na mchango huo ukajulikana kama nafaka ya chuo. Haukuwa kodi, hivyo haukulazimishwa, na si kila mji uliitikia kwa moyo mmoja. Lakini kwa miaka kadhaa ngano ilikusanywa kijiji kwa kijiji, ikapakiwa kwenye mikokoteni na mashua, ikafika jikoni Cambridge. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kisa hiki kibaba si cha mfano tu.

Chanzo cha pili kilikuwa kivuko. Kuanzia 1640 mapato ya kivuko kati ya Charlestown na Boston yalielekezwa kwa chuo, maana yake ni kwamba mkulima aliyevuka na kuku wake kwenda sokoni alichangia elimu ya juu kila alipopanda mashua, ajue asijue. Nauli nyingine zililipwa kwa wampamu, yaani shanga za kombe za Wahindi Wekundu zilizotumika kama fedha ndogo, na Dunster alilalamika kwamba chuo kilibambikiwa zile mbovu ambazo hakuna muuzaji aliyezipokea. Daraja lilipojengwa mahali pa kivuko katika miaka ya 1780, kampuni ya daraja ilitakiwa kukilipa chuo pauni 200 kila mwaka badala ya mapato hayo. Wazazi nao walilipa ada kwa kile walichokuwa nacho, ngano, kimea, siagi, mifugo hai, na mtunza stoo wa chuo akaandika kila kitu kwa thamani yake. Daftari hizo za siku za Dunster zipo, na mtafiti wa leo anaweza kusoma mwanafunzi fulani alilipiwa nini. Kumbukumbu za matumizi za siku za Eaton hazina hadhi hiyo.

Hapo pana hoja nzima. Pauni za Harvard zilitumika, na hazikuwa wakfu kwa maana kamili ya neno hilo, yaani mali ambayo asili yake haiuzwi na mapato yake peke yake ndiyo yanayotumika. Jengo la mbao lilioza kabla karne haijaisha. Vitabu viliungua. Hata kaburi lake halijulikani lilipo, na mnara uliosimamishwa Charlestown mwaka 1828 na wahitimu wa chuo uliwekwa katika makaburi ya mji kwa kukisia tu. Kitu cha karne ile ambacho bado kinafanya kazi ni hati ya kisheria ya mwaka 1650, iliyopatikana wakati wa Dunster, ambayo ilikifanya chuo kuwa shirika lenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, chini ya watu saba, yaani rais, wanazuoni watano na mtunza hazina, huku bodi ya waangalizi ikiwa juu yao. Hazina na ufunguo havikuwa tena mkononi mwa mtu mmoja. Dunster mwenyewe hakuipata faraja ya kazi hiyo: mwaka 1654 alilazimika kujiuzulu kwa kuwa aliukataa ubatizo wa watoto wachanga, na mshahara wake ulikuwa haujalipwa wote.

Wale ambao hawakuandikwa kabisa

Katika maungamo yaleyale ya mke wa Eaton, baina ya samaki wabovu na bia iliyokosekana, mna sentensi moja juu ya mtumishi mweusi wa nyumba hiyo, aliyetajwa kwa rangi na asili yake tu bila jina, ambaye siku moja alilalia shuka na foronya ya mwanafunzi Sam Hough, na mwanafunzi huyo akakasirika. Jina la mwenye shuka limehifadhiwa kwa karne karibu nne. La mtu aliyewahudumia wanafunzi wa kwanza wa Harvard halikuandikwa. Mwaka 2022 chuo chenyewe kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba viongozi, walimu na wafanyakazi wake waliwamiliki watumwa zaidi ya 70, na kikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha urithi huo. Ripoti ilichelewa sana, ila ilipokuja ilikuja na hesabu, nalo ni jambo la kusifu.

Wenyeji wa ardhi nao walitumika kuombea fedha. Hati ya 1650 ilisema wazi kwamba chuo ni cha kuwaelimisha vijana wa Kiingereza na wa Kihindi wa nchi ile, na ahadi hiyo iliwafungua mikoba wacha Mungu wa London, hata katikati ya miaka ya 1650 likajengwa jengo la matofali lililoitwa Chuo cha Wahindi. Wanafunzi wenyeji waliokaa humo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Caleb Cheeshahteaumuck wa kabila la Wampanoag, alihitimu mwaka 1665 akiwa anaandika Kilatini, na kabla mwaka haujaisha akafa kwa kifua kikuu, ugonjwa uliomuua Harvard. Jengo lilitumika zaidi kama nyumba ya mashine ya chapa, na mwaka 1663 ilitoka humo Biblia kamili katika lugha ya wenyeji, iliyotafsiriwa na John Eliot kwa msaada wa wenyeji ambao majina yao hayamo katika ukurasa wa kwanza. Mwaka 1698 jengo likabomolewa.

Je, nani basi aliyekijenga chuo? Orodha ya kweli ingejaza ukuta: muuza nyama wa Southwark, mjane wa Charlestown, mwenye mashine aliyefia baharini, abiria wa kivuko, mke wa mkulima wa Connecticut aliyepima ngano yake, mtumishi asiye na jina. Na angeongezwa Ann Mowlson, mjane tajiri wa London aliyetoa pauni 100 mwaka 1643 kwa ajili ya kuwasomesha wanafunzi maskini, msaada wa kwanza wa aina hiyo katika chuo hicho, naye akangoja hadi 1894 ndipo jina lake la usichana, Radcliffe, lilipopewa chuo cha wanawake kilichokuwa pembeni.

Utajiri wa leo na kaya ya kawaida

Mwaka 2024 mfuko wa wakfu wa Harvard ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 53, na mfuko huo kwa kweli ni mifuko zaidi ya 14,000 iliyofungamanishwa, mingi ikiwa na masharti ya watoaji, huu ni wa profesa wa somo fulani, ule ni wa jengo fulani, mwingine ni wa wanafunzi wa aina fulani. Masharti hayo yana faida zake, kwa sababu humzuia msimamizi kuchota anapotaka. Lakini pia huifanya taasisi tajiri iwe na maji mengi isiyoweza kuyanywa wakati wa kiu. John Harvard, kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, hakuweka sharti lolote zaidi ya kwamba chuo kijengwe, na kwa hilo wosia wake ulikuwa bora kuliko mingi iliyofuata, ingawa ulimkuta mpokeaji mbaya.

Mwaka 2025 chuo kilitangaza kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye familia yake ina kipato kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka hatalipa ada ya masomo, na asiyezidi dola 100,000 hatalipa pia malazi wala chakula. Kwa kuwa msaada wa chuo hicho huwafikia hata wanaotoka nje ya Marekani, familia ya mwalimu wa Mwanza au ya mvuvi wa Lamu ambayo mtoto wake angepata nafasi haingelazimika kuuza shamba, japokuwa nafasi hizo ni chache mno na milango ya viza haifunguki kwa barua ya chuo peke yake. Hiyo ndiyo tafsiri ya wosia inayoeleweka nyumbani: ada iliyofutwa na sahani iliyojaa. Sanamu haimlishi mtu.

Afrika Mashariki ina wosia wa aina hii mwingi kuliko unavyosimuliwa. Kuna mashamba ya minazi na nyumba za Mji Mkongwe zilizowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti na madrasa, kuna viwanja vya misheni vilivyotolewa na wazee wa koo, kuna wastaafu wanaoacha kiinua mgongo chao kwa shule ya kijiji walikosomea. Sehemu ya mali hizo imelindwa vyema, na sehemu nyingine imegeuka vibanda vya biashara ambavyo kodi yake haijulikani inapokewa na nani. Wadhamini wa misikiti, wazee wa usharika na kamati za shule hawahitaji mabilioni ili kuepuka mwaka wa Eaton. Wasimkabidhi mtu mmoja ufunguo, fedha na jiko kwa pamoja. Wamteue mkaguzi asiye ndugu yake. Na kila mwisho wa muhula wabandike ukutani, mahali ambapo mzazi asiyeingia ofisini anaweza kusoma, orodha ya kilichotolewa, jina la kila aliyetoa hata kama ni kibaba, na kilichonunuliwa kwacho. Kibao cha mfadhili kisubiri hadi karatasi hiyo iwe imebandikwa.